Kufungua Vifurushi vya Takwimu za Mialo: Kusimbua na Kubanua Maandishi kwa Python, PHP, JavaScript na Java

Karani wa mwalo, yaani ufuko ambapo mitumbwi ya wavuvi hushusha samaki, anapomaliza kuhesabu ndoo za dagaa alfajiri, Kayenze au Igombe, takwimu zake hazisafiri kama zilivyo kwenye daftari. Simu yake huyageuza maandishi kuwa baiti, huzibana baiti hizo ili zisile bando, kisha huziandika upya kwa herufi za kawaida ili zipite bila kuharibika katika ujumbe mfupi au katika fomu ya tovuti. Mjini Mwanza, kifurushi hicho hicho kinaweza kupokelewa na seva iliyoandikwa kwa PHP, kikasomwa na programu ya ripoti iliyoandikwa kwa Python, kikaonyeshwa na ukurasa unaotumia JavaScript, na mwisho kikaangukia mikononi mwa programu ya zamani ya Java ambayo hakuna anayethubutu kuigusa. Zote nne zinatakiwa kutoa maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kulifikia hilo, na unaeleza pia mahali ambapo lugha hizi, zikipewa kifurushi kimoja, hutofautiana bila kumwambia mtu.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Kusimba ni kuziandika baiti kwa herufi zinazosafirika, na kusimbua ni kuzirudisha zilivyokuwa. Ni kazi ya jamii moja na ile ya kisimbuzi kilichowekwa chini ya televisheni. Kubana ni kupunguza ukubwa wa data pasipo kupoteza chochote, na kubanua ni kuirejesha katika ukubwa wake. Base64, ambao ndio usimbaji tutakaoushughulikia, si kufuli: yeyote anayeuona ujumbe anaweza kuufungua, kwa hiyo namba za simu za wavuvi zisiachwe humo kwa kudhani kwamba zimefichwa.

Hatua ya kwanza: jua kifurushi kilifungwa kwa mpangilio gani

Mtumaji hufuata mpangilio huu: maandishi hugeuzwa kuwa baiti za UTF-8 (kanuni ya kuandika herufi kwa baiti), baiti hubanwa, kisha baiti zilizobanwa husimbwa kwa Base64. Mpokeaji anarudi nyuma kwa njia ileile, yaani anasimbua, anabanua, halafu ndipo anazisoma baiti kama maandishi. Anayeushika mfuko wa dagaa uliofungwa ndani ya gunia hawezi kuufungua mfuko kabla ya gunia, na hapa hali ni hiyohiyo.

Mpangilio huo una sababu yake. Base64 hutwaa kila baiti tatu na kuziandika kwa herufi nne, kwa hiyo data hukua kwa takriban theluthi moja. Ujumbe mfupi wa simu hubeba herufi 160, na herufi zote za Base64 zimo katika alfabeti ya kawaida ya ujumbe huo, kwa hiyo ujumbe mmoja hubeba baiti 120 za data. Ndiyo maana kubana hutangulia. Ubanaji wenyewe unategemea marudio: njia ya deflate, iliyoandikwa rasmi mwaka 1996, huondoa sehemu zinazojirudia na kuacha kielekezo cha mahali zilipotokea mwanzo, kisha huzipa alama zinazotokea mara nyingi biti chache zaidi. Orodha ya mistari mia moja ambayo kila mmoja una maneno «Kayenze,dagaa,ndoo» hubanika vizuri sana, lakini mstari mmoja peke yake unaweza kutoka ukiwa mrefu kuliko ulivyoingia, kwa sababu gzip, ambao ni muundo wa faili unaoifungia deflate, huongeza baiti zisizopungua 18 za kichwa na mkia. Nimeona mifumo inayobana kila samaki peke yake. Ni bora kukusanya pato la usiku mzima na kulibana mara moja.

Hatua ya pili: zitazame herufi za mwanzo kabla ya kuandika msimbo wowote

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naihesabu kuwa yenye faida kuliko zote, kwa sababu kila tabaka hujitambulisha lenyewe. Faili la gzip huanza na baiti ambazo kwa hesabu ya kumi na sita ni 1f, 8b na 08. Zikisimbwa kwa Base64 hutoa herufi H4sI. Ukiuona ujumbe unaoanza na H4sI, huna haja ya kumuuliza mtumaji alitumia nini. Data ya muundo wa zlib, ambao ni deflate ileile iliyovikwa kichwa kifupi zaidi, kwa kawaida huanza na baiti 78 na 9c, na ikisimbwa huanza na eJ. Ikiwa ilibanwa kwa nguvu ya juu kabisa huanza na 78 na da, na hapo utaona eN. Faili la zip huonekana kama UEsDB.

Mtego upo kwenye eyJ. Herufi hizo pia huanza na e, na wengi hudhani ni zlib, kumbe ni JSON (data iliyoandikwa kwa majina ya vipengele na thamani zake) iliyosimbwa bila kubanwa: ni mabano yenye mkunjo, alama ya kunukuu na herufi ya kwanza ya jina la kipengele. Na ukikutana na SDRz, fahamu kwamba mtumaji amesimba mara mbili, kwa kuwa hizo ndizo herufi unazozipata ukiisimba tena H4s. Simbua mara mbili, kisha umwandikie kwa upole.

Deflate tupu, isiyo na kichwa chochote, haina alama ya kuitambua. Hiyo ndiyo pekee inayohitaji kuulizia.

Hatua ya tatu: safisha, kisha simbua

Hapa ndipo lugha hutofautiana zaidi, na hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. Tulikuwa tukipokea vifurushi kutoka mialo kadhaa ya visiwani. Vifupi vilifunguka, virefu vilikataa, nasi tukaulaumu mtandao wa kisiwani kwamba unakata ujumbe katikati. Mtandao haukuwa na hatia. Programu ya simu ilikuwa ikituma Base64 ndani ya fomu ya tovuti bila kuihifadhi alama ya kujumlisha, na katika fomu za aina hiyo alama ya kujumlisha husomwa kama nafasi tupu. Katika data iliyobanwa, kila moja ya alama 64 hutokea kwa wastani mara moja katika herufi 64, kwa hiyo kifurushi cha herufi thelathini huweza kuponea chupuchupu, ilhali cha herufi mia tano hakina pa kupenyea.

Kilichotuchelewesha ni ukimya wa Python. Fanksheni yake ya b64decode, usipoiambia vinginevyo, huzitupa herufi zote isizozijua na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotokea. PHP nayo hufanya hivyo usipoitaka iwe kali. Node.js, yaani JavaScript inayoendeshwa nje ya kivinjari, husamehe nafasi na mistari mipya, na hupokea pia alfabeti ya pili ya Base64, ile inayotumia kistari na mstari wa chini badala ya kujumlisha na mkwaju, iliyotengenezwa kwa ajili ya anwani za tovuti. Java, kinyume chake, hukataa mara moja hata mstari mpya mmoja, isipokuwa umetumia getMimeDecoder. Na kwa alfabeti ya anwani inataka getUrlDecoder. Kwa hiyo kifurushi kimoja chenye kasoro kinaweza kupita Node, kikakataliwa na Java, na katika Python kikafunguka kwa makosa. Ukali wa Java, ambao watu huulalamikia, ndio uliotuonyesha tatizo.

Kasoro nyingine ya jamii hiyo hutoka kwenye simu za Android. Darasa la android.util.Base64 likitumiwa kwa mpangilio wake wa DEFAULT hukata mstari kila baada ya herufi 76 na kuweka mstari mpya mwishoni. Mtumaji atumie NO_WRAP; mpokeaji aondoe mistari mipya kwa vyovyote vile.

Utaratibu wa usafishaji ninaoupendekeza ni huu: ondoa mistari mipya na nafasi za mwanzo na mwisho, nafasi ikionekana katikati ya ujumbe uliopita kwenye fomu, irudishe kuwa alama ya kujumlisha, badilisha kistari na mstari wa chini ikiwa ni alfabeti ya anwani, kisha uongeze alama za usawa (=) zilizokosekana mwishoni, ambazo Base64 huzitumia kujazia urefu ugawanyike kwa nne. Katika Python:

```
import base64

def simbua(ujumbe):
    s = ujumbe.strip().replace("\r", "").replace("\n", "")
    s = s.replace(" ", "+").replace("-", "+").replace("_", "/")
    s = s.rstrip("=")
    if len(s) % 4 == 1:
        raise ValueError("herufi imepotea njiani")
    s += "=" * (-len(s) % 4)
    return base64.b64decode(s, validate=True)
```

Sharti la katikati lina maana yake. Baada ya kuondoa alama za usawa, urefu wa Base64 ukigawanywa kwa nne unaweza kubakisha sifuri, mbili au tatu, lakini haubakishi moja kamwe. Ukibakisha moja, ujumbe umekatika, na hakuna alama ya usawa itakayouponya. Mwombe karani autume upya. Anayejaribu kuongeza alama za usawa hadi kosa linyamaze anajitengenezea takwimu za uongo.

Jaribu fanksheni yako kwa maneno mafupi ambayo unaweza kuyahakiki kwa mkono. Neno dagaa likisimbwa ni ZGFnYWE= na neno sato ni c2F0bw==. Lugha zote nne zisipokubaliana juu ya maneno hayo mawili, usiendelee.

Hatua ya nne: banua

Ukishazipata baiti, zichapishe tatu za mwanzo. Katika gzip tarakimu zake za kawaida ni 31, 139 na 8. Java itakuonyesha 31, -117 na 8, kwa kuwa baiti za Java hubeba alama ya hasi. Ni baiti ileile, usishtuke.

Python hufungua hivi:

```
import zlib
wazi = zlib.decompress(simbua(ujumbe), wbits=47)
maandishi = wazi.decode("utf-8")
```

Thamani 47 huiagiza zlib itambue yenyewe kama ni gzip au ni zlib. Kwa deflate tupu weka -15.

PHP:

```
$baiti = base64_decode($safi, true);
$maandishi = gzdecode($baiti);
```

Majina ya PHP yamewapoteza wengi, kwa hiyo yashike vizuri. Ni gzdecode inayofungua gzip; gzuncompress hufungua zlib; gzinflate hufungua deflate tupu. Na gzcompress, licha ya jina lake, haitoi gzip bali zlib. Mtumaji wa PHP akikwambia «nimebana kwa gz», tazama kama ujumbe unaanza na H4sI au na eJ kabla ya kumwamini.

Node.js:

```
const zlib = require("node:zlib");
const baiti = Buffer.from(safi, "base64");
const maandishi = zlib.gunzipSync(baiti).toString("utf8");
```

Kwa zlib tumia inflateSync, na kwa deflate tupu inflateRawSync. Ndani ya kivinjari hali ni tofauti kidogo, kwa kuwa atob hairudishi baiti bali mfuatano wa herufi ambao kila herufi yake inawakilisha baiti moja. Anayeuchukua mfuatano huo na kuupeleka moja kwa moja kwenye hatua inayofuata huharibu kila kitu. Ugeuze kwanza:

```
const baiti = Uint8Array.from(atob(safi), h => h.charCodeAt(0));
const mkondo = new Blob([baiti]).stream()
    .pipeThrough(new DecompressionStream("gzip"));
const maandishi = await new Response(mkondo).text();
```

Katika DecompressionStream, neno "deflate" humaanisha muundo wa zlib, na deflate tupu huitwa "deflate-raw". Kwa wanaotumia C#, DeflateStream humaanisha deflate tupu, na ZLibStream ilikuja na .NET 6. Neno moja, maana mbili. Ndiyo maana nasisitiza kutazama baiti badala ya majina.

Java:

```
byte[] baiti = Base64.getDecoder().decode(safi);
try (GZIPInputStream mlango =
        new GZIPInputStream(new ByteArrayInputStream(baiti))) {
    String maandishi =
        new String(mlango.readAllBytes(), StandardCharsets.UTF_8);
}
```

Kwa zlib weka InflaterInputStream mahali pa GZIPInputStream.

Ubanuaji ukikataa, soma ujumbe wa kosa kwa makini, kwa sababu huwa unasema kweli. «incorrect header check» humaanisha kwamba tabaka si lile ulilolidhani, kwa mfano umempa mfunguaji wa zlib data ya gzip. «Not in GZIP format» ya Java husema jambo hilohilo. Lakini «unexpected end of file» ya Node, au EOFError ya Python kutoka moduli ya gzip, humaanisha kwamba tabaka ni sahihi ila data imekatika. Kosa la hesabu ya uhakiki humaanisha kwamba data imefika yote lakini baiti fulani imebadilika. Gzip huhifadhi hesabu hiyo ya uhakiki, iitwayo CRC-32, katika mkia wake, na baada yake baiti nne za urefu wa data ya awali, kwa hiyo unaweza kuulinganisha urefu huo na ulichopata.

Hatua ya tano: weka kikomo cha ukubwa

Deflate inaweza kubana data inayojirudia hadi zaidi kidogo ya mara 1,000, maana yake kifurushi cha megabaiti moja kinaweza kufumuka hadi karibu gigabaiti moja na kuiangusha seva ndogo. Si lazima awe adui. Programu ya simu iliyokwama ikirudia mstari mmoja inatosha. Mlango ukiwa wazi kwa umma, fungua kwa kikomo:

```
kifungua = zlib.decompressobj(wbits=47)
wazi = kifungua.decompress(baiti, 5_000_000)
if not kifungua.eof:
    raise ValueError("kifurushi kikubwa mno au kimekatika")
```

Katika PHP, gzdecode hupokea kikomo kama hoja ya pili. Katika Node ni maxOutputLength. Katika Java tumia readNBytes badala ya readAllBytes.

Hatua ya sita: soma baiti kama maandishi, na uikague ng’

Kwa sisi tunaoandika majina ya Usukumani, kosa la mwisho huonekana kwenye ng’. Kibodi nyingi za simu huigeuza alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda, ambayo katika UTF-8 huandikwa kwa baiti tatu: e2, 80 na 99. Neno ng’ombe likiandikwa hivyo lina herufi saba lakini baiti tisa. Programu inayozisoma baiti hizo kwa usimbaji wa zamani wa Windows-1252 huandika ngâ€™ombe, na mtumiaji hudhani kwamba ubanaji ndio ulioharibu. Ubanaji hauharibu hivyo. Ukiharibika hukataa kabisa, hautoi neno lenye kasoro katikati tu. Ukiona â€™, geukia hatua ya kusoma baiti, usiguse kitu kingine.

Kwa hiyo taja UTF-8 waziwazi kila mahali. Java kabla ya toleo la 18 ilitumia usimbaji wa kompyuta yenyewe pale ambapo mwandishi hakutaja chochote, jambo lililofanya programu moja itoe majibu tofauti kwenye seva ya Linux na kwenye kompyuta ya ofisini yenye Windows. Vilevile, unapozisoma baiti kwa mafungu, usiligeuze kila fungu kuwa maandishi peke yake, kwa kuwa zile baiti tatu zinaweza kukatwa katikati ya mafungu mawili. Kusanya zote kwanza, au tumia TextDecoder kwa chaguo la stream. Na faili lililotoka Excel likiwa na kitu kisichoonekana mwanzoni mwa safu ya kwanza, hizo ni baiti ef, bb na bf. Katika Python zisome kwa "utf-8-sig".

Ziada moja inahusu majina yenyewe. Baada ya kusoma, amua alama moja ya ng’ na uzigeuze zote ziwe hiyo kabla ya kuingiza kwenye hifadhidata. La sivyo, mvuvi mmoja atahesabiwa kuwa wawili, mmoja mwenye alama iliyonyooka na mwingine mwenye iliyopinda.

Hatua ya saba: vifurushi vya majaribio

Tengeneza vifurushi vitano na uvihifadhi pamoja na msimbo: kimoja cha maandishi matupu, kimoja chenye neno ng’ombe kwa alama iliyopinda, kimoja cha mistari elfu moja ya dagaa, kimoja cha zlib badala ya gzip, na kimoja ambacho umekikata herufi kumi za mwisho. Vinne vya kwanza vifunguke katika lugha zote kwa matokeo yaleyale. Cha tano kikatae katika lugha zote. Linganisha maandishi yaliyofunguliwa, wala usilinganishe vifurushi vyenyewe, kwa sababu kichwa cha gzip kina nafasi ya wakati na ya aina ya mfumo, na maktaba mbili zinaweza kubana maandishi yaleyale kwa baiti tofauti bila yeyote kukosea.

Yaendeshe majaribio hayo wakati wa mbalamwezi, siku ambazo taa za dagaa haziendi ziwani na mialo huwa kimya. Giza likirudi, mitumbwi itaingia kwa pamoja, na makarani watatuma vifurushi vyao ndani ya saa ileile moja ya alfajiri.